Shajara ya mradi: vizibo mia moja na maneno ya Kiingereza

Jumamosi, 1 Machi 2025

Mpwa wangu wa kidato cha pili kaja dukani mchana na kiroba cha vizibo vya soda. Klabu yao ya Kiingereza inataka mchezo wa kupanga maneno kwa herufi, ule wa Scrabble, na wa dukani bei yake hawaiwezi. Basi wamezunguka kwenye grosari za Majengo, hapa Moshi, wakaomba vizibo, wameviosha kwa sabuni, bado vinanuka kidogo. Kazi yangu ni kuchapa herufi, kukata vikaratasi vya duara na kuvibandika ndani.

Hiyo ni kazi ya jioni moja. Steshenari hii inachapa barua, inatoa fotokopi, inapiga picha za pasipoti, kwa hiyo herufi mia si kitu. Ila alipofika mlangoni akageuka: "Anko, na hiyo laptopu yako haiwezi kututajia maneno yote yanayotoka kwenye herufi fulani? Maana tukibishana hatuna wa kutuamua."

Nikasema inaweza. Nilijibu haraka mno.

Laptopu ni ya mtumba, nimeiwekea Linux kwa sababu Windows iliishinda nguvu. Ndani yake mna faili la maneno ya Kiingereza linalotumiwa kukagua tahajia, neno moja kila mstari. Kwa hiyo data ninayo. Jaribio la kwanza litakuwa KILIMANJARO, maana leo asubuhi Kibo, kilele chake, ilijifunua yote, jambo ambalo tukianza masika tutalisahau.

Jumapili, 2 Machi

Mistari saba ya Python, lugha ya kuandikia programu. Soma neno, tazama kila herufi yake kama imo kwenye KILIMANJARO, zikiwemo zote liandike neno, isipokuwemo hata moja liache. Yakamwagika: MILK, LION, RAIN, JAIL, MAJOR, ANIMAL, NORMAL. Nikapiga picha ya kioo nikaituma kwa WhatsApp kwenye simu ya dada, nikaenda zangu kula mtori.

Sijamaliza bakuli, simu inaita. Mpwa.

"Anko, shikamoo. MALARIA ina A tatu."

"Marahaba. Eeh?"

"Kilimanjaro ina A mbili. Hiyo ya tatu umeitoa wapi?"

Nikarudi kwenye kompyuta. MILLION imepita, wakati L tunayo moja tu. MIRROR imepita na R zake tatu, wakati mlima una R moja. Programu yangu ilikuwa inauliza "A ipo?", inajibiwa ipo, inauliza tena "A ipo?", inajibiwa ipo, hata kama imeshatumika. Ni kama Mangi mwenye kiroba kimoja cha sukari anayewaonyesha wateja watatu kile kile na kupokea hela za wote.

Jumanne, 4 Machi

Nimerekebisha. Sasa kila neno linahesabiwa: A ngapi, B ngapi, mpaka Z. Na herufi ulizopewa zinahesabiwa vile vile. Neno linakubaliwa pale tu ambapo hakuna herufi inayohitaji zaidi ya ulizonazo. MALARIA imetoka, MILLION imetoka, ANIMAL imebaki na A zake mbili.

Wakati nakata vikaratasi nikakumbuka vizibo vitupu. Scrabble ina vipande 100, na viwili kati yake havina herufi. Anayekipata anakifanya herufi aitakayo. Nilidhani hapo nitateseka: nijaribu A, kisha B, mpaka Z, na vikiwa viwili nirudie mara 676. Nikaanza hata kuandika hivyo. Halafu nikaona kwamba jibu liko kwenye hesabu ile ile ya upungufu. Usikatae neno kwa sababu limepungukiwa; jumlisha limepungukiwa herufi ngapi, kisha ulinganishe na vizibo vitupu ulivyonavyo. MALARIA imepungukiwa A moja, kwa hiyo kizibo kitupu kimoja kinaiokoa. MILLION imepungukiwa L moja, nayo inapona. MIRROR imepungukiwa R mbili, inahitaji vitupu vyote viwili. Mstari mmoja umeongezeka kwenye programu, basi.

Yale yale niliyoyafukuza Jumapili kama makosa yamerudi kwa mlango wa halali. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimegundua kwamba sijui nilichokuwa natengeneza.

Asubuhi alikuja Madam, mlezi wa klabu, kutoa fotokopi ya mazoezi. Mpwa alikuwa ameshamsimulia. Akasema, "Vizuri sana. Basi nipe maneno yenye G, H na T, wananisumbua kuyaandika." Nikaandika GHT, nikabonyeza, hakikutoka kitu. Bila shaka: programu yangu hutafuta maneno yanayotoka ndani ya herufi tatu hizo, na kwa G, H na T peke yake utaunda nini? Yeye alitaka kinyume chake, maneno ambayo herufi hizo zimo ndani yake pamoja na nyingine.

Nikaigeuza hesabu papo hapo: badala ya kuuliza kama neno linatosha ndani ya herufi, niulize kama herufi zinatosha ndani ya neno. Yakaja kwa mamia. NIGHT, DAUGHTER, THOUGHT. Na katikati yake TOGETHER, CLOTHING, SHOOTING, hata TEACHING yenyewe. Madam akasoma huku amekunja uso. "Hapana, mimi nataka zifuatane. G-H-T." Kumbe hilo nalo ni swali la tatu. Hapo huhitaji programu hata kidogo. Linux ina grep, unaandika ght inakuletea. Ni ya 1973, ya Ken Thompson, na jina lake limetokana na amri ya kihariri cha zamani iliyoandikwa g/re/p, yaani tafuta kila mahali mchoro huu kisha uchape. Nimeitumia miaka mingi kusaka majina ya wateja bila kujua kwamba ndiyo chombo cha kazi hii.

Mchana akaingia mzee mmoja, karani mstaafu wa ghala la kahawa, hujaza fumbo la maneno la gazeti la Kiingereza na huja kwangu kukwepa jua. Shikamoo, marahaba. Aliposikia tunachofanya akatoa gazeti kwenye koti. "Herufi sita. Ya pili U, ya mwisho Z. Maelezo yanasema kitu cha ndani ya saa."

Hilo la nne. Hapa nafasi ndiyo inayotawala. Kwenye grep nukta husimama badala ya herufi yoyote, kwa hiyo ni nukta, u, nukta tatu, z, na unafunga mwanzo na mwisho ili lisije neno refu. Faili la laptopu likatoa QUARTZ. Mzee akapiga goti kwa kiganja. Nikataka kujionyesha, nikajaribu na orodha kubwa zaidi niliyoipakua jana, ikaongeza KUVASZ. Tukatafuta maana: mbwa wa kulinda mifugo, wa Hungary.

"Mbwa sikumuuliza," mzee akasema, akaandika QUARTZ kwa kalamu ya wino.

Usiku nimeandika maswali yote ukutani juu ya printa, kwa herufi A, E, R, T. Ukitaka yanayotumia hizo tu na zote, ni RATE, TEAR, TARE. Ukitaka yanayotoka humo bila kulazimisha zote, unaongeza EAT, ART, EAR, RAT na ndugu zake. Ukitaka yaliyozibeba zote na mizigo mingine, ni WATER, MARKET, TEACHER, BREAKFAST. Mtu akisimama mbele ya kaunta akasema "nipe maneno yenye herufi hizi", anaweza kumaanisha lolote kati ya hayo, na yeye mwenyewe anaona amesema jambo moja lililo wazi. Nimeweka vitufe vinne kwenye programu: ZOTE NA HIZO TU, KUTOKA HUMU, YENYE HIZI, NAFASI. Zifuatanazo nimeziweka chini ya NAFASI, zitulie humo.

Alhamisi, 20 Machi

Zaidi ya siku kumi sijaandika humu. Nilipotea kwenye namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na zenyewe.

Ilianza na wazo ambalo mwenzangu mmoja wa zamani wa shule alinieleza kwa simu. Kila herufi ipe namba tasa yake: A ni 2, B ni 3, C ni 5, D ni 7, unaendelea mpaka Z ambayo ni 101. Neno ni zao la namba za herufi zake. TEA ni 71 mara 11 mara 2, yaani 1,562. EAT ni 1,562. ATE ni 1,562. Kwa kuwa kila namba ina njia moja tu ya kuvunjika kuwa namba tasa, maneno mawili yakiwa na zao moja basi ni herufi zile zile zilizopanguliwa, hakuna namna nyingine. Na utamu wenyewe uko kwenye kugawanya: HEART ni 1,810,358. Igawe kwa 1,562 unapata 1,159 bila baki. Haina baki, kwa hiyo TEA imo ndani ya HEART. Na hiyo 1,159 ni 19 mara 61, ambazo ni H na R, herufi zilizobaki. Jibu linakuja na chenji yake.

Hesabu za namba tasa tulizisoma darasa la tano kwa ajili ya kutafuta KDS na KKS (kigawe kidogo na kigawo kikubwa cha shirika), mwalimu ana fimbo, na hakuna aliyetuambia kwamba zinaweza kuingia kwenye chai.

Nikaamua kuifanya kwenye kompyuta ya dukani yenye Excel, ili Madam aweze kuitumia bila kuja kwangu. Maneno mafupi yalikubali. Siku ya tatu programu ikaniambia UNIVERSITY ina A. Niliandika neno upya mara tatu nikidhani nimekosea kuandika. Chanzo ni kwamba zao la UNIVERSITY lina tarakimu 17, na Excel hushika tarakimu 15 za maana tu. Za mwisho inaziweka sifuri. Namba inayoishia na sifuri hugawanyika kwa 2. Na 2 ndiyo A yangu. Kila neno refu la Kiingereza lilikuwa linazawadiwa A bure.

Nikahamia Python, ambako namba hukua mpaka kumbukumbu ya mashine iishe, ikafanya kazi sawasawa. Kisha umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, nikapoteza toleo la Jumatatu kwa sababu sikulihifadhi, na betri ya laptopu hii ni ya maonyesho tu. Niliporudia nikajaribu na njia nyingine ya zamani zaidi: panga herufi za kila neno kwa alfabeti na uitumie kama ufunguo. LISTEN inakuwa EILNST. SILENT nayo EILNST. ENLIST, TINSEL, INLETS, wote wanalala chumba kimoja. Ukipewa herufi huzungukii orodha nzima. Unapanga, unafungua chumba, unawakuta. Ukitaka pia yanayotoka humo kwa kuacha baadhi, unaunda mafungu yote ya herufi ulizonazo: herufi 7 hutoa mafungu 127, herufi 11 za KILIMANJARO hutoa 2,047 yasiyozidi, ambayo ni machache kuliko kupitia maneno laki na ushee.

Na chekeche la biti 26 nalo nimelijaribu, kila herufi taa moja, imewaka au imezimwa. Linatupa nje haraka neno lolote lenye herufi usiyo nayo. Lakini lenyewe halihesabu, kwa hiyo MALARIA inapita tena, na lazima nyuma yake usimamishe mhesabuji.

Sasa ukweli. Nimezipima zote. Programu ya tarehe 4 Machi, ile ya kuhesabu kwa upole neno baada ya neno, kwenye laptopu hii chakavu inamaliza orodha nzima kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe nikakaa vizuri. Watoto thelathini wanaobishana kuhusu vizibo hawatajua tofauti. Siku kumi nimetumia kuharakisha kitu ambacho hakikuwa kinachelewa. Mpwa amepita mara mbili kuulizia vikaratasi, na sijamaliza kuvikata.

Namba tasa lakini ni nzuri. Nimeziacha kwenye programu, nyuma ya kitufe cha tano kisicho na jina.

Jumamosi, 22 Machi

Vikaratasi vimekatwa, na viongozi wote wa klabu, watoto sita, wamekuja kubandika. Hapo ndipo programu ilipopata kesi yake ya kwanza ya kweli, na ikashindwa, si kwa hesabu.

Wakampa kila mmoja vizibo saba, wakacheza raundi moja kwenye meza ya kukatia karatasi, mimi nikiwa hakimu. Kila zamu ikiisha nabonyeza kuona walikosa nini. Kioo kinajaa. Maneno hamsini, sitini. Wanasoma wawili watatu wanayoyajua, kisha wanafika kwenye kichaka: maneno ambayo hata mimi sijawahi kuyaona popote. Mvulana mmoja akaniuliza kwa heshima sana kama nina uhakika hiki ni Kiingereza.

Swali lake lina haki. Hebu nieleze orodha zenyewe. Faili la kwanza, la laptopu, lilikuwa na majina ya watu na miji, na lina tabia ya kuweka maneno mara mbili, la pili likiwa na alama ya umiliki na s. Hayo nimeyafyeka: chochote chenye herufi kubwa, mkato wa juu au alama juu ya herufi, nje. Orodha nyingine ya zamani inayozunguka kwenye mifumo ya Unix imetokana na kamusi ya Webster ya 1934, ina maneno zaidi ya 234,000, lakini wingi wa nomino imeubagua. Ina neno la umoja na kukuacha ujitegemee. Kwa mchezo haifai. Ninayoitumia sasa ni ENABLE, ambayo ni mali ya umma, ina maneno zaidi ya 172,000 pamoja na wingi na vitenzi vilivyonyambuliwa. Ndiyo iliyoleta yule mbwa.

Na ndiyo iliyoleta AA. Watoto walicheka: AA si neno, ni kelele ya mtu aliyekanyaga moto. Kumbe hawakuwa mbali. Ni lava yenye uso wa miamba inayokwaruza, neno limetoka Hawaii. Sisi tunaoishi chini ya volkano tumeambiwa jina hilo na orodha ya mchezo. Kuna CWM na CRWTH, hazina irabu hata moja, zimetoka kwa Wawelisi. Ya kwanza ni bonde, ya pili ni ala ya muziki. Kwa mtoto aliyekua na Kiswahili, ambako neno linamalizika kwa irabu kama nyumba inavyomalizika kwa paa, CRWTH ni kitu kilichoachwa nje kwenye mvua.

Halafu Q. Kiswahili hakina Q wala X, kwa hiyo watoto wanaiogopa Q kama kadi ya adhabu, na mwalimu amewafundisha Q haitembei bila U. Nikauliza programu maneno yenye Q yasiyo na U. Likaja QAT. Nikatazama maana yake kisha nikaangalia mlangoni: ni mirungi. Q ni pointi 10, A na T moja moja, jumla 12, na mimi siwezi kuwatumia watoto wa shule karatasi inayowahamasisha kuweka mirungi mezani. Likaja FAQIR, pointi 17. Msichana mmoja wa Kiislamu, amefunga, mdomo umekauka, akalitamka kwa sauti na kusema, "Si fakiri hilo?" Ndilo. Kiarabu kimetupa sisi na kimewapa Waingereza, wao wakabaki na Q.

Mpwa amesema jambo lililonikaa kichwani: "Anko, tukisoma haya yote tutashinda lakini hatutajua Kiingereza." Inawezekana kabisa. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa, alimeza orodha. Mwaka huo huo Mnigeria Wellington Jighere alitwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza. Nimewaambia habari za wote wawili. Madam anataka wawe kama wa pili, na amenikodolea macho nisizidishe sifa za wa kwanza.

Jumatano, 2 Aprili

Rangi. Kila neno litatoka kwa rangi: kijani kwa ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili anatarajiwa kulijua, jeusi kwa mengine yote. Yanatoka yote, ila kijani kinakaa juu.

Ili kupata kijani nimechukua orodha ya Michael West ya 1953, maneno ya msingi kama 2,000 aliyoyachagua kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza. Ni ya zamani kuliko Uhuru, lakini maji bado ni WATER. Tatizo ni kwamba inataja mzizi tu. Ina TEACH na kukuacha utafute TEACHES na TEACHING. Nikaandika kanuni: ongeza S, ES, ED, ING, ER. Kanuni hiyo inazalisha takataka, inatengeneza GOED bila aibu, lakini nimeilazimisha kila kinachozaliwa kionekane pia kwenye orodha kubwa. GOED haimo, inakufa. Orodha mbili zinachungana. TAUGHT, WENT na CHILDREN nimeziingiza kwa mkono kutoka kwenye jedwali la vitenzi la Madam na kumbukumbu yangu.

Nilidhani ni mtego usiopitika mpaka Madam alipoona BEER imekaa juu kabisa kwa rangi ya kijani. Kanuni yangu ilimfanya BEER kuwa mtoto wa BE: BE ongeza ER. Na orodha kubwa, ilipoulizwa, ikasema ndiyo, neno lipo. HEED nayo imeingia kama wakati uliopita wa HE. Nimeweka sharti kwamba mzizi uwe na herufi tatu au zaidi, bado naona mengine madogo madogo, nayafuta kila ninapokutana nayo. Hiyo imekuwa kazi yangu ya kila jioni baada ya kufunga: soma, cheka, futa.

Jumapili, 6 Aprili

Hesabu ya vizibo. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa miaka ya 1930, ndiye aliyeubuni mchezo, na alipata idadi ya vipande kwa kuhesabu herufi kwenye magazeti. E zikawa 12, A na I 9 kila moja, O 8. Q, Z, J, X na K moja moja. S ni 4 tu, ili watu wasiishi kwa kubandika wingi kwenye maneno ya wenzao. Tumefuata hivyo hivyo.

Watoto hawakuamini hiyo E. Wakahesabu ukurasa mmoja wa kitabu chao cha Kiingereza na mmoja wa Kiswahili, kwa vijiti kama wanaosimamia kura. Kwenye Kiingereza E iliongoza. Kwenye Kiswahili A iliziacha zote mbali mno, mpaka mhesabu wa A akaomba msaidizi. Mchezo wa Kiswahili kwa vizibo hivi hivi hautachezeka; tungeishiwa A kabla ya chai. Mpwa ameniangalia kwa jicho ninalolijua. Nimesema tumalize huu kwanza.

Vizibo tulivyopata ni 97. Mzee wa fumbo ametoa vitatu mfukoni mwa koti, sijui alikuwa navyo vya nini.

Jumamosi, 12 Aprili

Mashindano ya kwanza, darasani kwao, mvua ya masika inapiga bati hata waamuzi tunapiga kelele. Laptopu niliifunga kwenye mfuko ndani ya mfuko, bodaboda akapita kwenye madimbwi yote ya Pasua. Ilifika kavu.

Meza nne. Programu imeulizwa mara nyingi nisizohesabu na haikutoa A ya bure. Kizibo kitupu kimeleta ubishi mmoja, mtu alitaka kukibadilisha herufi katikati ya mchezo. Hilo si la kompyuta, Madam amelimaliza kwa jicho.

Mwishoni, meza ya tatu. Kuna mtoto wa kidato cha kwanza, ametoka shule ya msingi ya kijijini huko Kibosho mwaka jana, Kiingereza bado kinamtoka kwa kijiko. Mchezo mzima ameweka IT, NO, GO. Zamu yake ya mwisho akapanga P-A-N-G-A, akakaa kimya. Wenzake wakacheka, hiyo si ni panga ya kufyekea majani? Yeye akasema hana lingine.

Nikaliingiza kwa kitufe cha ZOTE NA HIZO TU. Likatoka. PANGA ni neno la Kiingereza, limo kwenye orodha, upanga mpana wa Afrika Mashariki wa kufyekea. Lakini limetoka jeusi. Programu yangu niliyoichonga wiki nzima ili ijue mtoto wa Moshi anajua maneno gani ililiweka kwenye kichaka kimoja na CRWTH. Nikaandika SAFARI: jeusi. BWANA: jeusi.

P pointi tatu, A moja, N moja, G mbili, A moja. Nimemwandikia nane, na usiku huu naanza kupitia orodha nyeusi kuanzia A, kwa macho, natafuta ya kwetu.